Aliyeoshwa Akiwa Hai kwa Ajili ya Ruzuku

Saa mbili asubuhi, mjini Pate, Bi Rawiya Fadhil anatwanga majani ya mkunazi, na hakuna aliyekufa.

Amekaa juu ya kigoda mlangoni mwa nyumba yake ya mawe, kinu kati ya magoti, mchi ukipanda na kushuka. Majani mabichi hayalii kama nafaka. Hayagongi. Yanazama, kama nyayo za mtu anayetembea topeni mbali kidogo, haji na haondoki. Mji mzima unaijua sauti hiyo, kwa kuwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti, na siku hizi anayeyatwanga ni mtu mmoja tu.

Mlango wa jirani unafunguka. Bi Tima anachomoza kichwa, ushungi haujakaa sawa.

"Rawiya. Ni nani?"

"Sijui."

"Hujaambiwa?"

"Sijaambiwa. Nimeamka mikono inataka mchi."

Bi Tima anaingia ndani mbio, anasikika akimwita mamake mara mbili, na sauti ya bibi kizee inamjibu kwa ghadhabu: "Ni hai! Niwate ninywe chai yangu!"

Bi Rawiya anainamisha uso. "Zamani ningecheka mpaka nianguke," analiambia gazeti hili. "Mimi ndiye niliyekuwa nikichekesha watu mji huu. Muulize yeyote."

Ukimuuliza yeyote, atakwambia kweli. Atakwambia kuhusu harusi ambazo Rawiya aliigiza sauti ya kadhi, na kuhusu mikate yake ya mofa iliyokuwa ikiisha kabla jua halijapanda. Kisha mtu huyo atashusha sauti na kukwambia kwamba Rawiya ameoshwa. Hatasema "alioshwa." Atasema "ameoshwa," kama mtu anayetaja hali ambayo mwenzake bado yumo ndani yake.

Ana miaka arobaini na tisa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mmoja wa wanawake watano wa Kikundi cha Sitara, wanaoosha na kukafini, yaani kuvisha sanda, maiti wa kike wa Pate. Wanaosha matajiri na mafukara. Wakati mmoja walimwosha mwanamke aliyeletwa na maji, asiyejulikana jina wala nchi, wakamfukiza ubani kama binti wa mjini. Kazi hii haina mshahara. Kinachomlisha Bi Rawiya ni tanuri la mofa lililoko uani, ambalo lilikuwa likitoa mikate mia kwa siku njema. Sasa anaoka kumi na miwili, na mingi inaliwa na mumewe, Bwana Hussam, ambaye ni fundi wa kupaka nyumba chokaa na mtu wa maneno machache.

Lakini si mikate inayomkosesha usingizi. Binti yake wa pekee, Umulkheir, aliyeolewa Amu, yaani mjini Lamu, ana mimba ya miezi minane. Kwa desturi, mzazi wa mimba ya kwanza hujifungulia kwao, mikononi mwa mamake. Chumba kimeshapakwa chokaa. Kitanda kimeshafumwa kamba mpya. Wakwe wa Umulkheir wamekataa kumtoa.

"Mamamkwe wake alinipigia simu mwenyewe," Bi Rawiya anasimulia. "Kwa adabu kabisa. Akaniambia, 'Dada yangu, sina ugomvi nawe. Lakini mtoto anayekuja duniani hapokewi na mikono iliyokwisha kuagwa.' Ningemjibu nini? Alikuwa analia."

Yote haya yalianza kwa maji.

Pate ina visima, lakini vingi maji yake ni ya chumvi, na kiangazi kikikaza hata jabia, lile birika kubwa la kuvunia mvua, hubaki na matope. Maiti hangoji mvua. Wanawake wa Sitara walikuwa wakiazima maji nyumba kwa nyumba, debe hapa, ndoo pale, na kumwosha marehemu katika chumba ambamo watoto wake walilala jana yake. Mara moja maji yaliwaishia katikati. Wakasimama pembeni mwa kitanda, mikono ina majani, hakuna anayesema, wakimngoja mtu aliyekwenda kuomba maji kwa majirani. Bi Rawiya anasema hajapata kusikia kimya kirefu kama kile.

Ndipo habari zikafika kwamba ofisi moja ya serikali huko Amu inatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya kijamii visivyotafuta faida. Sitara haikuwahi kutafuta hata nauli. Wakaomba shilingi laki mbili na nusu, wajenge chumba cha kuoshea chenye paa la kuvunia maji na tangi lake. Wakajibiwa kwamba ombi ni zuri, ila atakuja afisa kuthibitisha kwamba kikundi kipo na kinafanya kazi.

Afisa huyo alikuwa Rael, binti wa bara, mwaka wake wa kwanza kazini. Alishuka mashuani akiwa na begi mgongoni na haya usoni. Kila mwanamke wa Sitara anakiri kwamba alikuwa na adabu.

"Mama zangu, mimi nawaamini," aliwaambia, wakiwa wamekaa mkekani nyumbani kwa Bi Thuwaiba, kiongozi wa kikundi. "Lakini kamati inataka picha. Picha ya kikundi kikiwa kazini."

Bi Thuwaiba alikuwa na miaka sabini na mitano, na tangu ujanani hakuna mwanamke wa Pate aliyekwenda makaburini bila kupita mikononi mwake. "Kazini kwetu hapapigwi picha," alisema.

"Hata moja? Bila uso?"

"Maiti ana sitara yake, mwanangu. Tunachokiona juu yake hatukisemi. Sembuse kukipiga picha."

Rael akaeleza kwamba wakulima wanaonyesha mashamba, na wafuga kuku wanaonyesha kuku. Hakukuwa na njia nyingine. Ndivyo ilivyo siku hizi: fukara hapewi kitu mpaka aivue nguo shida yake, aisimamishe mbele ya kamera, kisha aiambie itabasamu.

Walijaribu mto. Wakachukua mto mrefu wa kitandani, wakaufunika kanga, wakaulaza juu ya kitanda cha kuoshea. Rael alitazama kwenye simu yake, akacheka kwa kujizuia. "Mama, hii ni mto tu. Bosi wangu atasema mnafua matandiko."

Wakacheka wote. Na katika kicheko kile Rawiya akasimama, akausukuma mto ukaanguka, akapanda kitandani na nguo zake, akajinyoosha.

"Haya, nioshwe mimi," alisema. "Uchafu ninao wa kutosha. Na mkinimaliza, mwambieni Hussam asioe mwenye meno mazuri kunishinda."

Bi Tima, ambaye naye ni mwosha wa Sitara, anakumbuka kwamba alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko aliposikia maji.

"Tulikubaliana tusimame tu, tushike kata la kuchotea maji, apige picha, basi," anasema Bi Tima. "Kata lilikuwa na maji kidogo, na ndoo, majani na kafuri vilikuwa pembeni, kwa ajili ya picha. Bi Thuwaiba akasogea kichwani. Akashusha mkono, akamfumba Rawiya macho. Kisha nikamsikia anatia nia."

Nia ni maneno machache. Mwosha husema kwamba amenuia kumwosha maiti huyu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Bi Thuwaiba alikuwa ameyasema mara nyingi katika maisha yake, kitanda kile kile, mkono ule ule, kata lile lile. Mtu amelala, macho yamefumba, kata limejaa. Mdomo ukatoa ulichokizoea.

Akamimina.

Waosha wa Pate wana desturi yao: kata la kwanza likishamwagwa, hapana maneno, hapana kutoka, hapana kuacha mpaka mwisho. Anayeacha katikati ameacha mtu njiani. Na mikono ile, anasema Bi Tima, haikungoja kuulizwa. Mwingine alishaleta ndoo. Mwingine alishachanganya majani. Kicheko kilikatika kama uzi. Wakamfunika kwa kitambaa, wakambinya tumbo polepole, wakamtia udhu. Wakamwosha kichwa kwa mkunazi. Upande wa kuume. Upande wa kushoto. Maji yakawa yanaanguka kwenye shimo chini ya kitanda kwa ile sauti yake.

Rael alikuwa amesimama ukutani, simu mkononi, akipiga picha.

Na Rawiya?

"Kata la kwanza nilitaka kucheka," anasema. Mchi umesimama sasa mikononi mwake. "La pili nilitaka kuwaambia basi, maji baridi. Mdomo ukakataa. Sikuwa nimeshikwa. Sikuwa na hofu, na hilo ndilo linalonitisha leo. Niliwasikia wote, nikawa nawaonea huruma, kama wao ndio wenye msiba. Baadaye sauti zikaenda mbali. Nikabaki na maji tu. Halafu nikasikia harufu ya kafuri."

Kafuri hutiwa kwenye maji ya mwisho. Baada yake huja sanda.

Bi Tima alinyoosha mkono nyuma, bila kutazama, kuchukua sanda mahali inapowekwa kila siku. Hapakuwa na sanda. Sanda huletwa na wafiwa; nani angeileta kwa ajili ya picha? Mkono wake ukabaki hewani ukitafuta. "Hapo ndipo nilipozindukana," anasema. "Nikawatazama wenzangu, nao wakanitazama. Nikapiga ukelele." Anaukunja mkono ule. "Lau sanda ingekuwapo, wallahi sijui."

Rawiya akafumbua macho. Akaketi. Akauliza kwa nini wanalia.

Jioni hiyo nyumbani, alipovua ushungi, Bwana Hussam alitazama kichwa chake, kisha akatazama pembeni. Nywele zilikuwa zimesukwa misuko mitatu na kutupwa nyuma. Ndivyo wasukwavyo wanawake waliokufa. Rawiya hakumbuki kusukwa. Hakuna mwosha aliyekiri kusuka.

Ruzuku ilitoka. Vikundi vingi viliomba, vichache vilipata, na Sitara ilikuwa ya kwanza kati ya vilivyopata.

Chumba kilijengwa pembeni mwa mji, chokaa nyeupe, paa la mabati, tangi la maji limekaa juu ya nguzo nne. Siku ya kukifungua, Rawiya alishika ufunguo pamoja na wenzake. Hapo alikuwa bado anadhani mambo yatapoa. Aliwatania kwamba yeye ndiye mteja wa kwanza, amepata bei ya jumla.

Hakuna aliyecheka.

Mambo yalikuja kimya kimya. Dukani, chenji yake iliwekwa juu ya meza badala ya mkononi. Mikate ikaanza kurudi, watu wakisema inanuka kafuri. Wanawake wa Sitara wakamwambia apumzike kidogo, asishike maiti kwa sasa, atwange majani tu. Kwenye harusi moja, ilipofika zamu ya kuimbiana mafumbo, sauti kutoka nyuma ya umati ilimrushia mistari miwili:

Umeoshwa, umekwisha,
bado kukupeleka tu.

"Mizani ilikuwa sawasawa," anasema Bi Rawiya, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mdomo wake unapinda kidogo. "Ningekuwa si mimi, ningepiga vigelegele."

Mumewe alimwendea Ustadh Khatib, mwalimu wa chuo cha Kurani, kuuliza hukumu ya dini. Ustadh alisema waziwazi, na akarudia msikitini baada ya swala: nia iliyowekwa juu ya mtu aliye hai haina athari yoyote, ni maneno na maji, mwanamke huyu ni mzima, na anayemtenga anafanya dhuluma. Watu wakaitikia kwamba amesema kweli.

"Fatwa yake ni tamu," anasema Bi Rawiya. "Lakini nyumbani kwake pia hawanunui mkate wangu."

Kisha mji ukaanza kuona jambo jingine. Chumba kipya kilikaa bila kutumika. Walikufa wanaume watatu, wakaoshwa na wanaume wenzao kwingine. Mwanamke hakufa hata mmoja. Miezi ikapita, tangi limejaa mvua mpaka juu, maji yanameremeta ndani yake, na chumba kimekaa mlango wazi kinangoja. Wanawake wakipita hapo huharakisha. Wanasema kina mwenyewe. Wanasema aliyeoshwa kwa ajili ya chumba kile hajafikishwa chumbani, na mpaka afike hakuna atakayetangulia.

Na kila mwanaume kati ya wale watatu alipokufa, majani yake yalikuwa tayari. Bi Rawiya alikuwa ameshayatwanga kabla ya habari. Mara ya kwanza alisema ni bahati. Mara ya pili alificha kinu chini ya kitanda. Mara ya tatu alijikuta amekaa mlangoni nacho, na Bwana Hussam amesimama nyuma yake.

Ndiyo maana asubuhi hii Bi Tima ametoka na ushungi upande. Ndiyo maana Bi Rawiya, akiulizwa majani haya ni ya nani, anatazama mikono yake mwenyewe kabla ya kujibu.

Kuna swali moja ambalo amewauliza waosha wote wanne, mmoja mmoja, faraghani. Mliona nini juu yangu?

Maana mwosha huona. Husemwa kwamba mwili ukiwa juu ya kitanda kile hutoa alama, nzuri au mbaya, na kazi ya mwosha ni kuzifunika. Sitara ndiyo hiyo. Wanne wote wamemjibu jibu moja: mwosha hasemi. Hata Bi Tima, waliyecheza naye utotoni, alimshika mabega akalia na kumwambia, "Usiniulize, Rawiya. Hata kama ni kheri, siwezi kusema."

"Wangeniambia hawakuona kitu, ningelala," anasema. "Lakini hilo pia hawalisemi. Wananifichia siri zangu mwenyewe."

Alipata fikira ya kumuuliza asiye mwosha: Rael. Akapanda boti kwenda Amu, kwenye ofisi ya ruzuku. Alipoingia tu, akajiona.

Ilikuwa picha kubwa, imebandikwa ukutani chini ya maneno ya kusifu vikundi vilivyofanikiwa. Wanawake wanne wameinama. Katikati, uso wake umelala, macho yamefumba, ngozi imekuwa kama nta. Chini yake imeandikwa: Kikundi cha Sitara kikimhudumia marehemu.

Karani wa mapokezi, kijana aitwaye Jabez, aliinua macho kumsalimia. Akatazama ukutani. Akamtazama yeye.

"Mama," alisema, "wewe si… yule marehemu?"

"Ndiye mimi."

Jabez akasimama akaangusha kiti. Baadaye, akiwa amemletea maji, alimweleza kwa aibu kwamba kamati nzima iliamini maiti ni wa kweli. Mmoja wao alitokwa na machozi. Ndiyo sababu kikundi kilipata alama za juu.

Alikubali kuibandua picha na kumpa. Ilikuwa imekunjwa kama mkeka alipotoka nayo, na hapo pwani ya Amu akagundua hajui la kuifanyia. "Nikiichoma, nimejichoma. Nikiizika, nimejizika mwenyewe," anasema. "Kuipeleka nyumbani siwezi." Mpaka leo imesimamishwa nyuma ya mlango wa chumba kipya, uso umegeuziwa ukutani.

Rael alikuwa ameshahamishiwa kituo kingine. Kwa simu, analiambia gazeti hili kwamba anajuta kuomba picha ile na kwamba hakujua uzito wake. Kisha anaongeza jambo bila kuulizwa. "Nilipiga picha saba. Nilituma sita. Moja nilifuta."

Ilikuwa na nini?

"Mama Thuwaiba alisema vitu kama hivyo havisemwi," anajibu. "Wacha tu."

Sasa ofisi imeandika tena. Inataka ripoti ya matumizi, na katika ripoti hiyo, picha ya chumba kikitumika kwa mara ya kwanza.

Saa nne, wakati majani yamekuwa laini kama unga wa hina, mjukuu wa Bi Thuwaiba, mwanamke mzima aitwaye Ruqaiya, anatokea kichochoroni. Anasimama mbali kidogo, kama wote wasimamavyo siku hizi.

"Bi Rawiya, bibi anakuita."

"Mzima?"

"Anakuita," anasema Ruqaiya.

Tangu siku ile ya picha, Bi Thuwaiba hakuwahi kumwita Rawiya nyumbani kwake. Njiani watu wanaacha mazungumzo wakimwona anapita na mikono yake ya kijani. Anaingia bila kupiga hodi mara ya pili. Bi Thuwaiba amelala chumba cha ndani, amekuwa mdogo, shuka haioneshi kwamba chini yake kuna mtu. Macho tu ndiyo yaliyobaki ukubwa wao.

"Nimesikia kinu chako asubuhi," anasema. "Nikasema, hayo yangu yamekuja."

"Usiseme hivyo, Bi."

"Basi yako? Chagua moya. Chumba ni kimoja."

Na Rawiya anacheka. Kinamtoka bila kutaka, kile kicheko chake cha zamani cha harusini, kinajaa chumba mpaka Ruqaiya anachungulia mlangoni kwa hofu. Bibi kizee naye anatikisika chini ya shuka.

"Keti. Nisikilize, sina pumzi ya kurudia. Nikifa utaniosha wewe. Utasimama kichwani, nia utaitia wewe, kata utashika wewe."

"Mimi nimeoshwa, Bi. Hawatakubali."

"Maiti haoshi maiti." Bi Thuwaiba anamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vina baridi na bado vina nguvu. "Nimeshausia mbele ya wanangu na mbele ya Ustadh. Ukishaniosha, atakayesema wewe umekufa atakuwa anasema Thuwaiba amezikwa bila kuoshwa. Nataka nimwone mtu wa Pate atakayethubutu kulisema hilo. Wakwe wa bintiyo nao walisikie huko Amu."

Rawiya anautazama mkono ulioshika wake. Halafu swali lililomla mwaka mzima linapanda tena lenyewe.

"Bi. Mliona nini juu yangu?"

Bi Thuwaiba anamtazama. Uso wake hauna huruma wala ukali. Una kitu kingine, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuingia.

"Utaniona mimi," anasema. "Hapo ndipo utajua kwa nini hatusemi."

Anafumba macho, na haijulikani kama amelala.

Adhuhuri imepita. Bi Rawiya amerudi nyumbani. Mkononi ana kata la Bi Thuwaiba, kifuu cheusi kwa miaka ya maji, mpini umelainika mahali pa vidole. Amepewa mlangoni likiwa limefungwa kitambaa cheupe. Analitundika kwenye msumari juu ya tanuri la mofa, analitazama, analitoa hapo, analitundika karibu na mlango wa chumba cha mzazi.

Sasa anasema kwa haraka, kama aliyekuwa akingoja kuruhusiwa. Nia ataitia kwa sauti, mlango wa chumba kipya ukiwa wazi, wanawake wote walio nje wamsikie kwamba anayeosha ni nani na anayeoshwa ni nani. Kisha atafunga mlango kwa komeo. Wanawake wa Sitara wameshaamua: hakuna simu itakayovuka kizingiti kile. Ofisi ikitaka picha ya chumba kikitumika, haitaipata. Ikitaka fedha zake, ije na boti yake, ibomoe mawe, ikaoshee watu wake huko.

"Walikwisha kupata maiti mmoja kutoka kwetu," anasema. "Wa pili hawampati."

Na siku ya pili yake atakwenda Amu kumchukua bintiye.

Bi Tima anapita, anasimama. Anaona kata. Rangi inamtoka, kwa kuwa analijua. Anasogea mpaka tanurini, anachukua mkate mmoja wa mofa, anaumega, anatia kinywani, anatafuna polepole macho yakiwa kwa Rawiya.

"Unanuka?" anauliza Rawiya.

"Umepungua chumvi," anajibu Bi Tima, na anaondoka na nusu iliyobaki.

Bi Rawiya anapiga simu. Sauti ya Umulkheir inasikika mpaka nje, nyembamba, ina wasiwasi. "Mama? Wanasema tena umetwanga leo. Ni nani?"

"Hajafa mtu, mwanangu. Funga mizigo yako."

"Wamekubali? Nije lini?"

Mamake anageuka kutazama sinia lililoanikwa juani, majani yaliyotwangwa yametandazwa juu yake, bado mabichi, bado yana rangi ya kijani kibichi na harufu ya mti.

"Kabla haya hayajakauka," anasema.